Mkubwa Hajajenga

Mtu wa kwanza niliyekutana naye katika mji wangu mpya alikuwa msichana wa kiuno chembamba aliyeniita Mtukufu. Sijazoea. Hapa Shirere ninapotengeneza pikipiki naitwanga Fundi nikiwa nimemaliza kazi, na "wewe" nikiwa sijamaliza. Zamani nilipokuwa nakata miwa Musanda, msimamizi alituita kwa filimbi, sisi wote kwa mlio mmoja. Msichana huyu wa ndani ya simu alinipa mto, msitu na kilima, akanionyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza, akasema nijenge. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Hakuuliza mkubwa wangu amejenga wapi.

Nikabonyeza. Nyundo zikagonga, vumbi likaruka, na kabla sijameza mate nyumba ilikuwa imesimama, ina paa, ina moshi unaotoka jikoni.

Hasira ilinishika palepale. Nina matofali Musanda. Niliyafinyanga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, nikayachoma mwenyewe kwenye tanuri lililonibabua nyusi, nikayapanga nyuma ya jiko la Mama na kuyafunika kwa majani ya miwa. Hayo ni ya mara ya pili. Ya kwanza mvua iliyarudisha yakawa udongo kabla sijapata kuni za kuyachoma. Ya sasa yameota magugu. Mijusi wanaishi humo na wajukuu wao, kuku wa Mama wanataga kwenye nafasi za katikati, na nyuki nao wameanza kupeleleza. Kila kiumbe katika boma letu kimejenga kwa matofali yangu isipokuwa mimi.

Sababu ni moja, na jina lake ni Patroba.

Patroba ndiye kifungua mimba wa Mama, mimi ndiye ninayemfuata. Kwetu, katika boma la baba, wa pili haweki msingi wa nyumba yake kabla wa kwanza hajajenga. Ukifanya hivyo umemruka mkubwa wako kama mtu aliyekwisha kufa. Hakuna fundi wa Musanda atakayekuwekea jiwe la kwanza, mama yako hataingia kwa mlango huo, na mtoto wako akipata hata kikohozi, watu watakiangalia kile kizingiti na kutikisa kichwa. Mimi naweza kuchekesha watu kuhusu jambo lolote, lakini hilo sijawahi kulijaribu.

Na desturi yenyewe haina ukali hivyo. Kama mkubwa hana uwezo, anakuja siku moja, anachimbia nguzo nne kwa mkono wake mwenyewe, anakandika udongo, anawasha moto ndani na kulala humo usiku mmoja. Hata kibanda kikianguka wiki inayofuata, yeye amejenga, na wadogo wako huru. Baba mdogo Chrispinus alimweleza hivyo baada ya matanga ya baba. Patroba akajibu kwamba mtu mwenye ofisi hawezi kuonekana akikandika matope. Yeye akijenga, alisema, atajenga ghorofa, ya mawe, yenye roshani inayotazama barabara. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mjinga mkubwa.

Kisha akarudi Likuyani kwenye ofisi yake ya kununua mahindi, na simu yake ikaacha kushikwa. Ukimpigia, inalia hadi inachoka. Mke wake Winrose ndiye aliyeniambia ukweli nusu: Patroba hawezi kushika simu kwa sababu amekwisha kuishika, amezama ndani ya mchezo wa kujenga miji, anajenga tangu asubuhi. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikamwomba amwambie anitumie mwaliko. Nilijiambia, kama mtu huyu anaongeanga huko tu, basi nitamfuata huko. Kama angekuwa anaongea juu ya mti ningepanda.

Beverlyne, mke wangu, hakuona maana. Tukienda nyumbani yeye analala jikoni kwa Mama, na mimi nalala kwa binamu, kwenye kiti. Alikuwa ameshaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mvua za Machi zikimkuta tena kwenye jiko la mama mkwe, atarudi kwao na watoto mpaka mtu fulani aamue kuwa mwanamume. Hakusema ni mtu gani. Nilimuuliza kama ni Patroba anayesemwa, akaniangalia vile fundi anaangalia spea iliyoletwa siyo yenyewe.

Basi nikaingia. Patroba alinijibu mara moja, mtu ambaye hakunijibu miaka mizima. Akaandika, "Karibu boma, mdogo wangu." Alikuwa ameacha mji wake wa zamani na kuanzisha mwingine katika ulimwengu mpya, makusudi, ili tuanze pamoja na tuwe majirani. Ukisogeza ramani kidogo unauona mji wake, mto unapita katikati yetu.

Nitasema ukweli, siku za kwanza zilikuwa tamu, na utamu huo ndio ulioniudhi. Miti ya huko unaikata na hakuna askari wa msitu anayetokea nyuma yako. Mawe yanajileta. Wafanyakazi hawaombi chai, hawaulizi saa nane itafika lini, na hakuna anayekwenda kuzika shangazi yuleyule mara tatu. Ukitaka kisima, kinachimbika chenyewe na maji yake ni safi. Nilikuwa nimeinama juu ya simu, mikono ina oili, mteja ananiuliza pikipiki yake imefika wapi, na mimi moyoni nasema, kumbe kujenga ni rahisi hivi? Basi nani alituambia ni vigumu?

Mambo mengine yalinichosha. Kila kitu kinawaka. Kila mahali kuna kidoti chekundu kinachotaka kuguswa, mji mzima una surua. Yule msichana haachi kunisifu, hata nikikosea ananisifu, na sifa za namna hiyo nazijua, zinakuja kabla ya mtu kukuuzia kitu. Alinieleza kwamba wageni wanapewa ngao ya siku chache, hakuna anayeruhusiwa kuwashambulia, na ngao ikiisha kila mtu ajilinde. Alinieleza pia kwamba kila kitu kinafuata ukumbi mkuu. Ukumbi ukiwa ngazi ya tano, ukuta wako hauwezi kupita ngazi ya tano, ghala hivyohivyo. Ukitaka ukuta mrefu, kwanza inua ukumbi.

Mimi nilikwenda mbio. Nilianza na mashamba, kisha ghala, kisha kiwanda cha mbao, vile mtu aliyewahi kulala njaa anavyopanga mji. Patroba alikwenda kwa njia yake. Siku niliyofungua mji wake kuutazama vizuri, nilikuta chemchemi inayorusha maji, simba wawili wa mawe langoni, bustani ya waridi na njia ya wapenzi kutembea. Mashamba hayakuwepo. Ukumbi wake ulikuwa ngazi ya tano, na rangi mpya.

Nikaona hapa ndipo mahali pa kumgusa. Nikamwandikia kwamba kaka, tukiwa tunaongea mambo ya kujenga, matofali yangu ya Musanda yanaota nyasi, na nguzo nne hazimwui mtu. Akanitumia kile kiuso cha kucheka mpaka machozi. Kisha akaandika kwamba tuijenge kwanza hii, hii ni mazoezi.

Mazoezi. Nilifunga nati ya mteja mpaka ikakatika.

Wiki ileile nami nilifika ngazi ya tano. Ghala lilijaa mpaka mbao zikawa zinakataliwa. Kitufe cha kuinua ukumbi kikawa kijani, kinapumua, kinaniita. Nilikuwa nimeshakiwekea kidole ujumbe wa Patroba ulipoingia.

"Naona ghala lako limejaa. Usinipite."

Nilidhani ni utani, kwa hiyo nami nikamtania. Nikamwandikia, "Kwani hapa pia kuna mkubwa na mdogo?"

"Were, mimi ndiye mkubwa. Ngoja nifike sita kwanza, halafu wewe."

"Utafika lini?"

"Nikimaliza bustani."

Sasa sikiliza nilichofanya. Mtu mwingine yeyote katika ulimwengu ule, Mrusi, Mhindi, mtu wa Nairobi, angebonyeza na kucheka. Mimi nilitoa kidole. Nilikitoa polepole, kana kwamba Baba mdogo Chrispinus amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Nilijiambia ni mchezo tu, na kidole kikakataa. Nikakaa na ukumbi wa tano, ukuta wa tano na ghala linalomwagika, nikimngoja mtu mzima amalize kupanda maua ya umeme.

Ngao yangu ikaisha mchana, nikiwa nimefungua kabureta vipande vyote. Simu ikaanza kutetemeka juu ya sanduku la vifaa. Nikaona mstari mwekundu kwenye ramani unatoka mji wa mtu anayejiita Nyati Mweusi, unakuja kwangu. Mikono ilikuwa na petroli. Mpaka nilipojipangusa, wameshafika. Walipanda ule ukuta wangu mfupi kama watu wanaoingia kwao. Waliteketeza kinu. Wakabeba mbao zote, mawe yote, nafaka, na wakaniachia maneno ya Kiingereza ya kunishukuru kwa kuwawekea akiba.

Niliangalia ng'ambo ya mto. Patroba alikuwa macho, kile kidoti chake cha kijani kinawaka. Hakutuma askari hata mmoja. Yeye hawakumgusa, kwa sababu kwake hakukuwa na cha kuiba, nani atabeba chemchemi? Wakati kinu changu kinaungua, aliongeza benchi kwenye bustani. Niliiona inatokea.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikaona hakitoshi, nikaingia Kiluhya, nikachimba matusi ambayo marehemu baba alikuwa ameyazika. Mwenye kabureta akasogea nyuma. Beverlyne alikuwa ndiyo anafika na obusuma, ugali wetu, na kunde zangu za mchana. Akaweka bakuli chini akauliza ni nani amekufa.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, ukuta, ghala, ngazi ya tano, Nyati Mweusi, benchi. Nilikuwa naeleza kwa mikono, nikitegemea atacheka, kwa sababu Beverlyne hunicheka vizuri na huwa nasikia nafuu. Hakucheka.

"Kwa hiyo hata huko," akasema, "pa kujenga palikuwepo, mawe yalikuwepo, na bado hukujenga kwa sababu ya Patroba."

"Ni mchezo, mama."

"Najua ni mchezo. Ndiyo maana nauliza. Mimi sikuolewa na matofali, Were. Na Patroba hakunitolea mahari."

Akachukua bakuli la jana akaenda. Mwenye pikipiki akaanza kutazama angani kana kwamba kuna ndege.

Nilikula kunde zile bila kuzisikia ladha. Hasira niliyokuwa nayo juu ya Nyati Mweusi ilikwisha haraka, yule ni mwizi na alifanya kazi yake. Iliyobaki ilikuwa ya nyumbani, ya zamani, imekaa chini ya matofali pamoja na mijusi. Nilikumbuka makofi niliyopiga. Nilikumbuka kila mwaka niliowaambia watu kwa kicheko kwamba nangoja ghorofa ya kaka, nikajifanya mchekeshaji ili wasinione ninavyoiva ndani.

Nikakusanya mbao upya, kijiti kwa kijiti. Zilipotosha, nikabonyeza kitufe. Ngazi ya sita. Nyundo, vumbi, ukumbi ukakua na kupata mnara. Nikangoja kitu kitokee. Anga la huko lilibaki bluu, yule msichana akanisifu, na mtoto wangu hakukohoa. Nikainua ukuta. Siku zilizofuata nikaenda ya saba, na ile sikuhitaji hata kidogo, niliinua kwa ubaya wa roho tu.

Simu ikalia. Patroba, kwa sauti yake mwenyewe, mtu asiyepigangi.

"Umenipita," akasema. Hakunisalimu.

"Nimekupita mara mbili. Angalia vizuri."

"Nilikuambia ungoje. Hata huku unaniaibisha mbele ya watu?"

"Watu gani, Patroba? Wale simba wa mawe?"

"Heshima ni heshima, haijali ni wapi."

"Vizuri. Basi nisikilize nikiwa na heshima. Jumamosi naweka msingi Musanda. Uje usije. Ukija na nguzo nne, nitakupisha ujenge kwanza, kama mkubwa wangu. Usipokuja, nitakupita mchana, boma zima likiangalia, vile nimekupita huko."

"Mama hatakubali."

"Mama atalia. Baadaye atachoka kulia atafute kiti, na kiti kitakuwa kwa sebule yangu."

 Nilisikia kuku huko kwake, na mtu anapepeta kitu kwenye ungo. Hizo hazikuwa sauti za ofisi.

"Hakuna ofisi, Were," akasema. "Walifunga kitambo. Sisi tunakaa kwa baba yake Winrose. Chumba cha kando ya ghala la mahindi."

Mwanamume wa kwetu, kifungua mimba, analala kwa wakwe. Niliona ni kwa nini simu haikushikwa, na ghorofa ilikuwa ya kufunika nini. Ningemhurumia, na nilijaribu, lakini hasira ilikuwa imewahi viti vyote.

"Ungeniambia," nikasema. "Mwaka wa kwanza ungeniambia. Nguzo nne, udongo wa bure, maji ya mtoni. Umeninyima nyumba ili watu wasijue wewe huna."

"Watacheka."

"Wanacheka sasa. Nani alikudanganya wanangoja?"

Alikata simu. Sikujua kama atakuja. Beverlyne nilimwambia tu afunge nguo za watoto, twende Musanda, na mara hiyo hakuniuliza swali.

Patroba alifika Jumamosi jua likiwa limeshapanda, peke yake, amevaa viatu vya ngozi vya siku za ofisi. Mama alimkumbatia akamshika muda mrefu. Baba mdogo Chrispinus alimwonyesha mahali, upande wa kulia wa nyumba ya baba, akampa sururu, akaketi kuhakikisha hakuna anayemsaidia, kwa maana mkono mwingine ukiingia kazi hiyo haihesabiki. Mimi nilisimama nimekunja mikono. Ile siku nilikuwa nimeiota miaka na miaka, na katika ndoto zangu zote nilikuwa nacheka.

Hajui kuchimba. Shimo la kwanza lilikuwa pana kama la kuchomea taka, nguzo ikazunguka humo kama mwiko kwenye sufuria. Akalifukia, akaanza tena. Viganja vikapasuka. Akavua shati, tukaona mgongo umekonda. Watu wakaanza kukusanyika kwenye ua, wakataji miwa wanaotoka shambani, jirani huyu na yule, na Willis, ambaye mdomo wake hautulii hata kanisani, akauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo ghorofa, na roshani itakaa upande gani.

Watu wakacheka. Patroba akainamisha kichwa na kuendelea kukandika. Na mimi, niliyekuja na mzaha kama huo huo mfukoni, tena mzuri zaidi, nilijikuta nimefika uani, pua yangu na pua ya Willis zinakaribia kugusana.

"Wewe umejenga wapi?" nikamuuliza. "Hiyo nyumba unayolala alijenga babako. Sema tena hiyo roshani."

Akarudi nyuma. Kicheko kikafa, wakabaki wanatazama miguu. Nilirudi mahali pangu nikakunja mikono tena, bado nimemkasirikia Patroba, ila sasa niliona hasira hiyo ni yangu mimi, na sitaki mtu wa nje aionje.

Kabla giza halijaingia kibanda kilikuwa kimesimama, kimeinama upande wa mto, bati moja la kuazima juu na jiwe la kulizuia. Patroba akawasha moto wake. Moshi ukatoka kila mahali isipokuwa mlangoni. Mama alimpelekea blanketi na ingokho, kuku wa mchuzi, kwenye sufuria. Beverlyne alimpelekea maji ya kunywa. Mimi sikumpelekea kitu.

Alfajiri ilipoanza kuonyesha umbo la vitu, nilikuwa nimeshafukuza kuku, nimeng'oa magugu, nimebeba tofali la kwanza mpaka mahali pangu na kupigilia vigingi. Nilikuwa nachimba mtaro wa msingi Patroba alipotoka, matope yamekaukia mgongoni, macho mekundu kwa moshi. Akasimama pale akijikuna, akinitazama.

"Hungengoja hata ninawe uso?" akauliza.

"Nimengoja vya kutosha. Shika kamba upande ule."

Akaenda akaishika. Aliivuta ikapinda. Nikamfokea. Akainyoosha.